Mvinyo wa Tokaj: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tokaj iko wapi?

Ni eneo linalojulikana kwa mvinyo wake mtamu, kaskazini-mashariki mwa Hungaria, chini ya milima ya Zemplén, pale mto Bodrog unapoungana na mto Tisza. Eneo zima lina miji na vijiji 27, na mashamba ya mizabibu yanazidi hekta 5,000. Mád, Tarcal, Tállya, Tolcsva na Sárospatak ni baadhi ya majina utakayokutana nayo kwenye lebo. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya volkeno. Mlima wa Tokaj wenyewe una tofauti: miteremko yake imefunikwa na vumbi laini la manjano lililopeperushwa na upepo zamani za kale, na zabibu zake kwa kawaida hutoa mvinyo mwepesi na laini zaidi kuliko ule wa Mád. Mwaka 2002 UNESCO iliiingiza Tokaj katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa nini mvinyo mtamu wa namna hii utoke hapo, si kwingine?

Kwa sababu ya ukungu wa asubuhi. Kuanzia Septemba, mito hiyo miwili na mabwawa ya kando yake hutoa ukungu unaopanda mpaka kwenye miteremko na kulowesha zabibu. Ikifika saa sita mchana jua limeshautawanya, na upepo unakausha kilichobaki. Milima ya Zemplén nayo inakinga baridi ya kaskazini, hivyo joto la mchana huendelea mpaka Oktoba na mara nyingine Novemba.

Unyevu wa asubuhi unaiamsha kuvu iitwayo Botrytis cinerea. Ukavu wa mchana unaizuia isizidi. Kukikosekana cha kwanza, zabibu zinanyauka tu juani bila kupata ladha ile. Kukikosekana cha pili, zinaoza.

Kuvu inaifanyia nini zabibu?

Nyuzi zake nyembamba hupenya ganda la zabibu iliyokwisha kuiva. Ganda linabaki mahali pake lakini limetobolewa matundu yasiyoonekana kwa macho, na maji yanapotea hewani. Zabibu inageuka rangi ya zambarau iliyofifia, kisha kahawia, kisha inakunjamana. Uzito wake hupungua kwa zaidi ya nusu, na sukari, asidi na ladha vinabaki vimesongamana katika kile kidogo kilichosalia.

Si kukausha tu. Kuvu yenyewe inakula sehemu ya sukari na asidi, na inaacha vitu vipya: gliserini inayoupa mvinyo uzito mdomoni, asidi ya glukoni, na harufu za asali, aprikoti kavu, ganda la chungwa na zafarani. Ndiyo maana mvinyo wa zabibu zilizoanikwa juani hauna ladha ya Tokaj hata sukari zikilingana.

Zabibu iliyofikia hali hii huitwa aszú, na mvinyo unaotokana nayo hubeba jina hilohilo.

Zabibu gani zinatumika?

Aina sita tu ndizo zinazoruhusiwa, zote nyeupe: Furmint, Hárslevelű, Sárgamuskotály, Kövérszőlő, Zéta na Kabar. Furmint inachukua zaidi ya nusu ya mashamba, na ndiyo uti wa mgongo wa kazi nzima. Inachelewa kuiva, kwa hiyo bado iko mtini ukungu unapofika. Pia ina asidi nyingi sana, na hapo ndipo siri ilipo. Mvinyo wenye gramu 150 za sukari kwa lita na asidi hafifu ni sharubati tu. Unakunywa nusu glasi unachoka. Asidi ya Furmint inaukata utamu huo, mdomo unabaki safi, na unatamani tena.

Hárslevelű inaongeza harufu ya maua na asali. Sárgamuskotály hutiwa kidogo kwa ajili ya manukato. Zéta na Kabar zilizalishwa kwa kuchanganya mbegu katika karne ya 20; zote zinaiva mapema na kushika kuvu kwa urahisi.

Zabibu za aszú huchumwaje?

Punje moja moja, kwa mkono. Kwenye kichala kimoja unaweza kukuta punje tano zilizokunjamana, ishirini za kawaida zisizonyauka, na tatu zilizooza. Mchumaji anachukua zile tano tu na kuziacha nyingine, kisha anarudi baada ya siku kadhaa. Shamba moja hupitiwa mara tatu, nne au zaidi kati ya mwisho wa Septemba na Novemba. Zamani desturi ilikuwa kuanza mavuno siku ya watakatifu Simoni na Yuda, Oktoba 28. Siku hizi wengi huanza mapema zaidi.

Mchumaji mzoefu hupata takriban kilo 6 hadi 10 za aszú kwa siku, kutegemea mwaka. Kumbuka takwimu hiyo kabla ya kulalamikia bei ya chupa.

"Puttony" ni nini?

Ni kapu la kubebea mgongoni wakati wa mavuno, lenye ujazo wa lita zipatazo 27, na likijaa aszú hubeba karibu kilo 25. Kipimo cha jadi kilikuwa hivi: unachukua pipa moja la Gönc, lenye lita 136 za maji ya zabibu au mvinyo mchanga, unalitilia makapu ya aszú. Makapu matatu, mvinyo wa puttonyos 3. Makapu sita, puttonyos 6. Kapu moja, kwa hesabu ya hapo juu, ni kazi ya mtu mmoja kwa siku tatu au nne. Makapu sita ni kama kilo 150 za zabibu kavu kwa pipa moja.

Leo hakuna anayehesabu makapu. Namba kwenye lebo inasimamia sukari iliyobaki baada ya uchachushaji. Kwa kanuni za zamani ilikuwa gramu 60 kwa lita kwa puttonyos 3, kisha 90, 120 na 150. Kanuni za mwaka 2013 ziliondoa 3 na 4 kabisa: mvinyo wowote unaoitwa Tokaji Aszú sasa lazima uwe na angalau gramu 120 kwa lita, kiwango cha puttonyos 5, na 6 inaanzia gramu 150. Mtengenezaji anaweza hata asiandike namba. Kwa hiyo ukikuta chupa ya puttonyos 3 au 4, ni ya mavuno ya zamani. Hiyo si kasoro. Baadhi yake ni nzuri mno kwa chakula.

Je, puttonyos 6 ni bora kuliko 5?

Ni tamu zaidi. Ubora ni jambo jingine. Mwaka wenye asidi ndogo, 5 iliyotulia inaishinda 6 iliyozidiwa na sukari.

Nipeni hatua za kutengeneza aszú, mwanzo hadi mwisho.

1. *Zabibu zinagawanywa tangu shambani.* Aszú zinakusanywa pembeni, kwenye vyombo vidogo, zisipondwe. Vichala vya kawaida vinavunwa peke yake na kukamuliwa. Hayo ndiyo maji yatakayotumika kuloweka. Msingi huo lazima uwe wa mavuno ya mwaka uleule.

2. *Aszú zinasubiri.* Kwa vile huchumwa kidogo kidogo, huwekwa wiki kadhaa mpaka zitoshe. Uzito wao wenyewe unakamua matone machache chini ya chombo. Matone hayo ni Eszencia, tutayafikia.

3. *Zinalowekwa.* Aszú hupondwa kidogo ziwe rojo, au hutiwa zikiwa nzima, ndani ya kimojawapo cha vitu vitatu: maji mabichi ya zabibu, maji yaliyoanza kuchachuka, au mvinyo mchanga uliokamilika. Hapa ndipo mafundi wanapotofautiana. Maji mabichi hutoa mvinyo laini wenye harufu ya tunda, lakini hayavuti vyote vilivyomo kwenye ganda. Mvinyo uliokamilika una kilevi, nacho kinavuta sana, pamoja na uchungu usioutaka. Wengi huchagua njia ya kati, maji yanayochachuka.

Muda ni saa 12 hadi 60 hivi. Zikizidi, uchungu wa maganda na mbegu unaingia. Ndiyo sababu zamani rojo lilikanyagwa kwa miguu: unyayo unaponda nyama ya tunda bila kuvunja mbegu. Leo mashine za mipira laini hufanya kazi hiyo.

4. *Zinakamuliwa polepole.* Ukibana kwa nguvu, unatoa pia utelezi unaozalishwa na kuvu, aina ya glukani, ambao baadaye unaziba chujio zote. Mvinyo uliokamuliwa kwa pupa unaweza kukataa kutulia kwa miezi.

5. *Unachachushwa.* Chachu inapata taabu kubwa, kwa sababu mbili. Sukari nyingi inanyonya maji kutoka kwenye seli zake. Na kuvu imeshakula nitrojeni na vitamini B1 ambavyo chachu ingevihitaji, kwa hiyo mafundi wengi huongeza virutubisho hivyo. Katika ubaridi wa handaki la kuhifadhia mvinyo kazi hii huchukua wiki nyingi au miezi, na mara nyingi husimama yenyewe kabla sukari haijaisha. Kilevi hakipaswi kuwa chini ya asilimia 9.

6. *Unakomaa.* Sheria inataka angalau miezi 18 kwenye pipa la mwaloni, kisha muda zaidi kabla ya kuuzwa.

Nini huharibika, na kwa nini?

Mengi, na mengine hayarekebishiki.

Mvua ya mfululizo ndiyo adui wa kwanza. Kuvu ileile ya Botrytis ikikosa mchana mkavu, au ikikuta ganda limepasuka kwa wadudu au mvua ya mawe, inaleta uozo wa kijivu. Nyuma yake huja kuvu za Penicillium zenye ladha ya uvundo, na bakteria wa siki. Fundi hunusa kila kapu: harufu ya asali inapita, harufu ya siki inatupwa. Kapu moja bovu linaharibu pipa zima. Mwaka ukiwa mbaya sana, watengenezaji wengine hawatoi aszú hata chupa moja, na huo ni uamuzi wa busara.

Kugeuka kahawia ni tatizo la pili. Kuvu inaacha kimeng'enya kiitwacho lakasi, kinachounganisha oksijeni na vitu vya rangi vilivyomo kwenye mvinyo. Mvinyo unakuwa wa kahawia kabla ya wakati na kupoteza harufu ya tunda. Dawa ya kawaida ni salfa dayoksaidi, ila lakasi inaistahimili, na vitu vilivyozalishwa na kuvu vinaifunga salfa isifanye kazi. Ndiyo maana mivinyo ya aina hii huhitaji salfa nyingi kuliko mvinyo mkavu. Kuujaza pipa hadi juu kila wiki kunasaidia zaidi ya kuongeza dawa.

Tatu, siki ndani ya mvinyo. Chachu iliyozidiwa na sukari hutoa asidi ya siki kidogo, hata bakteria wasipokuwepo. Kidogo chake huinua harufu. Kikizidi unanusa gundi au rangi ya kucha.

La nne ni kuchachuka upya kwenye chupa. Sukari ipo, chachu chache zimebaki, joto linapanda: kizibo kinasukumwa nje. Kinga yake ni kuuhamisha mvinyo kutoka kwenye mashapo mapema, kuupoza, na kuuchuja vizuri kabla ya kutia chupani.

Ule weusi kwenye kuta za mahandaki ni uchafu?

La. Ni kuvu nyingine, Zasmidium cellare, laini kama manyoya ya paka, nayo inaishi kwa mvuke wa kilevi unaotoka kwenye mapipa. Watengenezaji wanaiacha makusudi, kwa sababu inaonyesha kwamba hewa ina unyevu wa kutosha. Mahandaki yamechimbwa kwenye mwamba wa volkeno, mengi tangu karne ya 16 na 17, na ni membamba na mafupi kwa kimo. Joto lake ni nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, unyevu kati ya asilimia 85 na 95. Pipa halikauki, na mvinyo haupungui haraka.

Chupa zikikaa humo miaka mingi hufunikwa na kuvu hiyo kabisa, lebo isionekane. Ndiyo maana lebo hubandikwa siku ya kuuza.

Eszencia ni nini, na kwa nini inanywewa kwa kijiko?

Ni yale matone yanayojitiririkia yenyewe chini ya lundo la aszú, bila kukamuliwa. Sukari yake lazima ifike angalau gramu 450 kwa lita, na mara nyingi hupita 600. Katika uzito huo chachu karibu inashindwa: uchachushaji huchukua miaka, na mara nyingi kilevi hakifiki hata asilimia 5. Huhifadhiwa kwenye machupa makubwa ya kioo, na sehemu kubwa hutumika kuuongezea nguvu mvinyo wa aszú badala ya kuuzwa peke yake. Kijiko kimoja kinatosha, kwani ni nzito na inakaa mdomoni dakika nzima.

Szamorodni je?

Hapa hakuna kuchagua punje. Kichala kizima, chenye aszú na zisizo aszú, kinakamuliwa pamoja. Ladha inategemea mwaka umeleta kuvu kiasi gani. Kuna tamu (*édes*), yenye angalau gramu 45 za sukari, na kavu (*száraz*). Ile kavu hukomaa kwenye pipa lisilojazwa, chini ya utando wa chachu, na inapata ladha ya jozi na chumvichumvi. Wageni wengi hawaielewi mara ya kwanza. Kwa maoni yetu, Szamorodni tamu ndiyo inayostahili fedha ya mnunuzi anayeanza: bei yake ni sehemu ndogo ya aszú, na tabia ya eneo yote imo.

Kuna pia *fordítás*, inayopatikana kwa kumwagia maji ya zabibu au mvinyo juu ya machicha ya aszú yaliyokwisha kukamuliwa, na *máslás*, juu ya mashapo ya aszú. Ni njia za zamani za kutotupa kitu. Leo ni adimu.

Sukari au pombe kali huongezwa?

Hapana. Sheria inakataza vyote viwili kwa aszú. Hapo ndipo inapotofautiana na mvinyo wa port wa Ureno, ambayo uchachushaji wake husimamishwa kwa kutia pombe kali.

Nani aliuvumbua?

Hadithi inayosimuliwa zaidi inamtaja mchungaji wa kanisa Máté Szepsi Laczkó, aliyehudumu kwa bibi wa ukoo wa kifahari, Zsuzsanna Lorántffy: eti karibu na mwaka 1630 hofu ya shambulio la Waturuki ilichelewesha mavuno, zabibu zikanyauka, naye akazikamua hivyo hivyo. Ni nzuri kuisikia, lakini hati ya mwaka 1571 tayari inataja mvinyo wa aszú.

Kilicho wazi ni kwamba mwaka 1737 amri ya kifalme iliweka mipaka ya eneo, mapema kuliko karibu maeneo yote ya mvinyo duniani. Katika karne hiyo Polandi na Urusi zilikuwa wateja wakubwa, na ikulu ya kifalme ya Urusi ilikuwa na tume yake ya kununua mvinyo hukohuko Tokaj. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa anahusishwa na ule msemo wa kwamba huu ni mvinyo wa wafalme na mfalme wa mivinyo.

Kisha ikaja shida juu ya shida: kugawanywa kwa Polandi kulifunga soko, miaka ya 1880 wadudu wa filoksera walianza kula mizizi ya mizabibu, na baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikomunisti ilichanganya mavuno ya kila shamba kwenye tangi moja. Waliotengeneza kwa makini waliendelea kwa kiasi kidogo, kwa matumizi ya nyumbani. Baada ya 1990 mashamba yalibinafsishwa, wawekezaji wa nje wakaja pamoja na familia za wenyeji, na majina ya mashamba yakarudi kwenye lebo. Mavuno ya 1999, 2013 na 2017 yanasifiwa sana.

Nimeona "Tokaj" ya Slovakia na "Tocai" ya Italia. Ni kitu kimoja?

Ile ya Slovakia ni jirani wa kweli: mpaka wa 1920 ulikata eneo, vijiji vichache vikabaki upande wa pili. Tocai ya Italia na Tokay ya Alsace, Ufaransa, hazina uhusiano wowote na mvinyo huu, na tangu mwaka 2007 sheria za Ulaya zimezizuia kutumia jina hilo. Ya Italia sasa huitwa Friulano.

Mvinyo mkavu wa Furmint ni wa Tokaj pia?

Ndiyo, na unazidi kupata umaarufu. Ni wenye asidi kali, na ule wa mashamba ya Mád una ladha ya mawe na moshi. Zabibu zake huchumwa mapema, kabla kuvu haijashika.

Niuhifadhi na kuuandaa vipi?

Aszú huuzwa kwenye chupa ya nusu lita ya kioo kisicho na rangi, kwa hiyo mwanga ni hatari: iweke gizani, imelala, mahali penye nyuzi 10 hadi 15. Unaishi Dar es Salaam au Mombasa na huna chumba baridi? Sehemu ya chini ya friji ni afadhali mara nyingi kuliko kabati lenye nyuzi 30. Chupa nzuri hudumu miongo kadhaa. Rangi inatoka dhahabu kwenda kaharabu, na hiyo peke yake si dalili ya kuharibika. Vijiwe vidogo vinavyong'aa chini ya chupa ni chumvi za asidi ya tartariki, havina madhara.

Ipoze nyuzi 10 hadi 12. Ikiwa baridi sana harufu inalala, ikiwa ya joto utamu unakaba. Glasi ndogo ya mvinyo mweupe inafaa, mililita 50 hadi 75 kwa mtu. Ikifunguliwa na kurudishwa kwenye friji na kizibo chake, inabaki nzuri wiki mbili au tatu.

Kwa chakula, jibini lenye mishipa ya buluu na maini ya bata bukini ndivyo vinavyoandaliwa zaidi Hungaria na Ufaransa. Keki ya aprikoti inafaa. Chokoleti tunaishauri isiguswe: uchungu wake unaufunika mvinyo, na umeulipia pesa nyingi mno hata uufunike.